Mafuta ya Mfungo

Mama Penko aliingia karakanani kwangu bila hodi, akatupa kipande cha mkanda juu ya meza, akasema nimshonee upesi kwa sababu ameacha unga ukiumuka nyumbani. Ndivyo alivyo Kuna, maana hilo ndilo jina lake. Mwanawe Penko ana miaka mitano tangu amuoe binti yangu Yonka, na katika miaka hiyo yote mama huyu hajawahi kunijulia hali kabla ya kuniambia anachotaka.

"Umekatika wapi?" nikauliza.

"Bandani kwa farasi, jana jioni. Sivka alivuta kichwa tu, basi. Uzi wako mbovu, mama Yonka."

Uzi wangu! Nimeshona matandiko ya farasi miaka ishirini na sita, tangu marehemu mume wangu aliponifundisha kushika msharasi wa kutobolea ngozi, na hapa kijijini Gabrovdol hakuna aliyeuita uzi wangu mbovu akaondoka na amani yake. Niliuchukua ule mkanda nikausogeza dirishani, huku nikipanga kichwani matusi mawili matatu ya adabu, maana ilikuwa Kwaresima.

Uzi ulikuwa mzima. Kilichokatika ni ngozi yenyewe, pembeni mwa uzi.

Kwa macho ulikuwa mkanda mzuri, mweusi, unang'aa. Nikaupinda. Ngozi iliyotunzwa ukiipinda hukunjamana kidogo halafu hurudi yenyewe. Huu ulitoa mlio mdogo mkavu, na juu ya ule mng'ao ikajitokeza mistari, kama matope ya bwawa lililokauka. Nikaupinda zaidi, ukavunjika. Ngozi ya fahali, unene wa kidole kidogo, niliyoichagua mwenyewe na kuikata mwenyewe, ilivunjika mikononi mwangu kama mkate wa juzi.

Nikaupeleka puani. Alizeti iliyochacha.

"Mama Penko," nikasema, "umepaka nini hapa?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

Akanyoosha shingo. "Mafuta ya mfungo. Ya alizeti. Usinikodolee macho, wewe mwenyewe ndiye uliyeniruhusu."

Nikavinusa tena vile vipande.

Ni kweli nilimruhusu. Miaka minne nyuma, siku moja kabla ya Kwaresima kuanza, Kuna alikuja hapahapa karakanani na mkebe wa mafuta niliyompa ya kutunzia matandiko ya Sivka, farasi wao. Mafuta yangu nayachanganya mwenyewe: shahamu ya ng'ombe, mafuta yanayochemshwa kutoka kwenye kwato, na nta ya nyuki. Kila kimoja kina kazi yake. Mafuta ya kwato hupenya mpaka moyoni mwa ngozi, shahamu huishibisha, nta huzuia mvua isiingie. Wapo mafundi wanaopaka mafuta ya samaki, nayo si mabaya, ila farasi mwenyewe hugeuza uso. Wapo wanaopaka ya nguruwe, halafu wanashangaa panya wanakula hatamu. Mimi nimejaribu yote na yangu ndiyo yangu.

Sasa Kuna ndiye anayeoka mikate ya sadaka ya kanisa letu. Akaniambia kwamba mikono inayokanda mkate wa altare haiwezi kushika shahamu ya mnyama wakati wa mfungo, kwamba hata harufu yake ndani ya nyumba ni dhambi, kwamba padri mwenyewe hakumkatalia alipomuuliza. Akataka nimpe mafuta ambayo hayajatoka kwa mnyama. Nikamwambia hakuna. Akasema basi matandiko yatakaa bila mafuta siku arobaini na kitu. Nikamwambia yatakauka. Tukabishana mpaka kichwa kikaniuma, na mwishoni, ili aondoke tu, nikasema: "Haya, paka alizeti. Mfungo mmoja hauui ngozi."

Na ni kweli, mfungo mmoja hauui ngozi.

"Mara ngapi?" nikamuuliza. "Umepaka alizeti mara ngapi?"

"Kila mfungo."

"Kwaresima zote?"

"Kwaresima, mfungo wa Mitume, wa Mama wa Mungu, wa Noeli. Na Jumatano na Ijumaa. Mimi si mpagani."

"Miaka minne!"

"Mbona yanang'aa? Yalikuwa yananata mwanzoni, ila nikayaanika nyuma ya jiko, yakakauka vizuri tu."

Nilishika ukingo wa meza. Mafuta ya mbegu ni kama mgeni anayekuja na zawadi: siku ya kwanza ngozi inalainika, inapendeza, unajisifu. Baadaye yanaganda humohumo ndani, yanashika vumbi, na yale mafuta halali uliyoyaweka zamani hayana tena pa kukaa. Ukiongeza moto wa jiko, umeipika. Ngozi inabaki na sura yake na rangi yake, lakini ndani hakuna kitu.

"Yonka yuko wapi?"

"Amepanda msituni."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri. Si anachukua magogo ya kiwanda cha mbao? Penko yuko jeshini, nani mwingine atapanda, mimi na nyonga yangu hii?"

"Na gari la farasi?"

"Sasa angeyabeba kichwani?" Kisha akauona uso wangu, na sauti yake ikashuka. "Kwani kuna nini, mama Yonka?"

Nikamwonyesha vile vipande viwili. Farasi akipanda mlima, kola ya shingoni ndiyo inayofanya kazi. Akiteremka na mzigo, kila kitu huangukia mkanda mmoja, ule unaopita nyuma ya matako, ndio unaolizuia gari lisimpande mgongoni. Ule wa Sivka niliukata kutoka kwenye ngozi hiihii niliyokuwa nimeishika. Umepakwa na mikono hiyohiyo, umekaushwa nyuma ya jiko hilohilo. Na anayetembea mbele ya gari, mkono kwenye hatamu, bega karibu na kichwa cha farasi, ni mwanangu wa pekee.

"Ule wa matakoni nao uliupaka?"

Kuna alijishika mdomo kwa ile mikono yake yenye unga.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo. Yonka hufika chini mtoni kengele ya adhuhuri inapolia, kwa hiyo kule juu alikuwa anamaliza kufunga mzigo. Kwa barabara ya magari ni mwendo wa saa nzima na nusu. Nilinyakua mkanda mpya uliokuwa umetundikwa ukutani, wa mteja wa bondeni, nikauvaa shingoni, nikatoka bila koti.

"Si huko!" akaniita. "Kwa barabara hufiki. Iko njia ya mbuzi nyuma ya makaburi. Nilichunga huko nilipokuwa msichana."

"Basi nielekeze."

"Nakuelekeza nini, nakwenda."

Na nyonga yake ile, na miaka yake sitini na mbili, akatangulia.

Sijawahi kupanda mlima na mtu ninayemchukia kiasi kile. Theluji ilikuwa inayeyuka na njia yote imekuwa uji. Tulishika mizizi, tulishika vichaka, mara mbili nilimsukuma kwa nyuma kama gunia. Na hata hivyo hatukuacha kugombana. Pumzi hatuna, lakini maneno tunayo.

"Ningeyaona mapema," nikasema, "kama ungeniletea matandiko kila vuli kama zamani. Ukasema nyumba yako ina mikono ya kuyatunza."

"Ulisema mbele ya watu... kwamba sijui kusafisha hata sufuria."

"Nilisema hivyo?"

"Kwenye arusi ya mpwa wako. Na kinywa kimejaa pilipili zangu za kuchoma!"

"Pilipili zenyewe zilikuwa na mchanga."

"Mungu akusamehe, Dafina," akaniita kwa jina langu, "maana mimi bado."

Tulipofika kwenye mwamba tukasimama kuvuta pumzi, mikono magotini. Hapo nilijisikia mjinga na mwoga kwa wakati mmoja. Ningeweza kwenda nyumbani kwake siku yoyote katika miaka minne ile. Ni mtaa wa pili. Ningeshika ule mkanda, ningeupinda mara moja tu, ningejua. Sikwenda kwa sababu Kuna hakuniita, na mimi siendi nisipoitwa. Niliona fahari kukaa kwangu. Mtu akiniuliza leo fahari ina thamani gani, nitamwambia aupande mlima ule na hesabu ya dakika kichwani.

"Akifa," Kuna akasema ghafla, akiangalia matope, "nitamwambia nini Penko?"

"Nyamaza."

"Nitamwandikia nini kule jeshini?"

"Nyamaza, mwanamke! Panda!"

Tukapanda. Njia ya mbuzi huungana na barabara ya magogo juu ya kona inayoitwa Shoka, na chini ya Shoka ndipo penye mteremko mbaya, hatua mia mbili za udongo na mawe, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo. Baada ya hapo barabara hutulia mpaka darajani. Nilikuwa nikiomba tumkute Yonka bado yuko juu. Ningemwambia fungua farasi, acha gari, twende nyumbani. Ingekwisha hivyo.

Tuliposhika barabara, nikaona alama za magurudumu kwenye matope. Maji yalikuwa bado yanaingia ndani ya alama hizo.

Amekwishapita.

Tulikimbia mpaka kwenye kona. Lile gari lilikuwa mteremkoni tayari, hatua thelathini chini yetu. Magogo manane ya msonobari, yamefungwa kwa mnyororo. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limefungwa lisizunguke, linaburuzika, lakini katika matope yale lilikuwa linateleza tu. Mbele nilimwona Sivka, kijivu, ameketi nusu kwa makalio yake jinsi farasi wanavyofanya wakizuia mzigo, na kando ya kichwa chake kitambaa chekundu cha binti yangu. Nyuma ya matako ya Sivka mkanda wangu ulikuwa umekazwa kama waya. Ulikuwa unang'aa.

Kuna akavuta pumzi ili aite. Nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Ukimwita atasimama," nikamnong'oneza sikioni. "Akisimama ghafla mzigo wote utaruka juu ya mkanda. Ngozi kama ile haikatiki kwa kuvutwa, inakatika kwa kushtuliwa. Akienda polepole hivihivi huenda ukafika."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaondoa kiganja. Alikuwa analia bila sauti.

"Mawe," nikasema. "Chukua mawe."

Kila mmoja akakumbatia jiwe alilolimudu, tukateremka nyuma ya gari kama wezi. Sijui nimewahi kutembea kwa uangalifu kama ule. Niliweka mguu, nikasikiliza, nikaweka mwingine. Niliweza kuusikia mkanda. Watu wasio wa kazi hii watadhani natia chumvi, lakini ngozi iliyokufa huongea inapovutwa, hulia krik, krik, kama sakafu ya mbao mtu anapojiiba nyumbani. Nilikuwa nahesabu hatua zilizobaki mpaka pale barabara inapotulia. Mia na ishirini. Mia na kumi.

Yonka alikuwa anamsemesha farasi. "Taratibu, bibi yangu. Taratibu, mrembo. Hapo. Tena hapo." Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliye kwenye kazi ya kila siku.

Tisini.

Mahali pale maji ya theluji yalikuwa yamechimba mfereji kukatiza barabara. Magurudumu ya mbele yalivuka. La nyuma, lile lililofungwa, likaingia mferejini, likakwama, gari likasimama. Kwa muda wa pumzi moja kila kitu kilitulia. Kisha ukingo wa mfereji ukabomoka na gari likaruka mbele na mzigo wake wote.

Mkanda ukakatika. Mlio wake ulikuwa wa kijiti kikavu, mdogo tu, sikutegemea uwe mdogo vile. Niliona ncha mbili zikiruka hewani. Nilipiga kelele jina la mwanangu, na Kuna naye alipiga kelele jina hilohilo.

Sivka aliketi kabisa. Gari likamfuata, shubiri moja, shubiri mbili.

Likasimama.

Sikuelewa. Nilibaki na jiwe langu kifuani nikitazama, maana hakukuwa na kitu cha kulisimamisha.

"Mawe, mama!" Yonka akaita, akitutupia jicho mara moja. "Mnafanya nini hapo na mawe? Gurudumu la kushoto kwanza! Upesi!"

Tulikimbia. Mimi nililisukuma langu chini ya gurudumu la kushoto, Kuna akaweka lake kulia, likateleza, akaliweka tena, na lilipoteleza mara ya pili mama wa watu akaketi kwenye matope, akaegemeza mgongo wake kwenye gurudumu na kukita miguu kwenye mwamba. "Leta lingine!" akanipigia kelele. "Leta kubwa, usiniangalie!" Nikaleta. Nikaleta la tatu na la nne. Nilipigilia kwa jiwe jingine mpaka vidole vikachanika. Gari likanguruma kidogo, likajikalia juu ya mawe, likatulia.

Nikaenda mbele, nimeshika ubavu wa gari. Yonka alikuwa amepiga goti kando ya Sivka, anapapasa miguu yake mmoja mmoja. Farasi alikuwa anatetemeka lakini amesimama. Na nyuma ya matako yake, pale mkanda wangu ulipokuwa, ilipita kamba ya katani iliyosokotwa mara tatu, imefungwa pande zote mbili kwenye miti ya gari. Imekaa hapohapo chini ya mkanda, kwa namna ambayo mtu akitazama kwa mbali huona ngozi tu. Nyuzi mbili za kamba zilikuwa zimekatika. Ya tatu ndiyo iliyobaki.

Nilimkumbatia mwanangu, akaniacha nimkumbatie kidogo, kisha akajitoa ili aendelee kumpapasa farasi.

"Hii kamba," nikasema. "Umeifunga lini?"

"Hii? Hii ni ya tatu. Zinaisha upesi."

"Nakuuliza tangu lini!"

"Tangu mfungo wa Noeli. Mkanda ulianza kulia. Nikaupinda, nikaona."

Kuna alikuwa amefika, matope mpaka kiunoni, kitambaa kimemwanguka. Sote wawili tulimtazama Yonka.

"Ulijua?" nikasema. "Miezi mitatu ulijua? Na unapita hapa mara mbili kwa wiki? Mimi ni mama yako, Yonka! Mimi ndiye fundi! Ungekuja ungesema neno moja tu, ningekukatia mkanda mpya siku hiyohiyo!"

Yonka akasimama. Ana miaka ishirini na tano, na mpaka asubuhi ile nilikuwa namwona mtoto. Alijifuta mikono kwenye sketi yake, nikaona viganja vyake: kamba ilikuwa imevichuna.

"Neno moja," akasema. "Mama, lini neno limekuwa moja? Nikikwambia wewe, utakuja mpaka uani kwetu kupiga kelele, mtaa mzima utoke. Nikimwambia mama huyu hapa, atasema wewe ndiye uliyeruhusu, nenda kamuulize mama yako. Halafu wiki tatu kila mmoja ananiita pembeni, eti mwenzako kasema nini, eti kakaaje alipokuwa anasema. Nilikaa nikapima. Nikaona kamba ni nafuu kuliko nyinyi."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, hasira naijua tangu tumboni.

"Ni mimi niliyemwambia apake alizeti," nikasema. "Miaka minne nyuma. Nilitaka aondoke tu."

"Najua, mama."

"Nilidhani yanang'aa—" Kuna akaanza.

"Najua, mama."

Alituita sote mama, kwa sauti ileile moja. Kisha akainua kamba kidogo kutoka kwenye ngozi ya Sivka ili tuone. Chini yake alikuwa ameweka kipande cha manyoya ya kondoo, lakini kilikuwa kimelika, na pale matakoni palikuwa na kidonda kirefu, chekundu, cha siku nyingi. Kila wiki farasi yule alipita mbele ya dirisha la karakana yangu akiwa na kidonda kile. Nilikuwa nikitazama matandiko yanavyong'aa na kusema moyoni, yule mama angalau mikanda anaitunza. Niliona aibu, si ya kusutwa, ile nyingine, inayomkuta mtu akiwa peke yake. Ila sikuwa peke yangu. Kuna alikuwa ameinamisha kichwa karibu na changu, anatazama palepale.

Nikavua ule mkanda mpya shingoni. Vidole vyangu vilivyochanika vilishindwa kupitisha ncha kwenye bizimu. Kuna akaishika ncha ya pili bila kuambiwa, na tukaufunga pamoja, juu kidogo ya kidonda. Nilimsikia akimeza maneno. Mimi pia nilikuwa na yangu.

Yonka akaukagua. Akaupinda kwa vidole, akaunusa, akaupinda tena, mbele yangu, mimi niliyemfundisha kufanya hivyo akiwa na miaka sita. Nilingoja kama mwanagenzi anayengoja kuambiwa kazi yake imepita.

"Sawa," akasema. "Sasa sikilizeni. Huo mpya utanyooka kidogo, sitauamini peke yake. Mama, chukua kamba ile nyingine chini ya magogo, ifunge nyuma ya gari, izungushe kwenye msonobari ule. Mama, wewe ushike mawe, unayatoa na kuyaweka. Nikisema achia, mnaachia pamoja. Nikisema shika, mnashika pamoja. Na msiongee."

"Hata—" Kuna akaanza.

"Hata."

Alirudi mbele akashika hatamu. Mimi nikazungusha kamba kwenye mti, Kuna akapiga magoti kwenye matope kando ya gurudumu, na tukatazamana mara moja, tukaangalia pengine. Chini bondeni kengele ya adhuhuri ilikuwa imeanza kulia.

"Achia," Yonka akasema.

Tukaachia. Tulikwenda hivyo kutoka msonobari hadi msonobari mpaka barabara ilipotulia, sisi wawili ambao kijiji kizima kimezoea kutusikia, na aliyekuwa anaongea ni yeye tu, akituambia lini tushike na lini tuachie.